Unga Mweusi Kwenye Supape Nane

Kavira, mutoto wangu,

Mambo ya safari mama yako atayasema yote: ya kuficha karatasi ndani ya nguo, ya kutokula chakula cha mutu usiyemujua, ya kupiga simu ukisha kuvuka mpaka wa Bunagana. Atayasema leo jioni, atayarudilia kesho asubuhi, na bus ikianza kunguruma atakuja kwenye dirisha kuyasema mara ya tatu. Sitamunyanganya kazi yake. Miye niko na neno moja tu, na nimekuja kuliandika hapa atelye, kwenye karakana yetu, mchana huu wa Siku ya Mungu, wakati wewe uko kwa wenzako wa korali ya kanisa wanakuaga na mama yako anakukaangia visamaki vya sambaza vya njiani. Nimepangusa mafuta kwenye meza ya kazi ili karatasi isichafuke. Imechafuka tu.

Neno lenyewe ni hili. Ile kulase ya pili ya muteja wetu Papa Innocent, kile kichwa cha moteri kilichomulaza barabarani siku mbili na viazi vyake vya Masisi, si wewe uliyeiharibu. Ni miye. Ilitoka mikononi mwako ikiwa nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye atelye hii, na miye nikaiharibu kwa mikono yangu, sababu ya wivu.

Usitupe karatasi. Nakujua, ukikasirika unatupa chochote kilicho karibu, na ukuta wetu bado una alama ya ule ufunguo wa bolti, namba kumi na saba. Soma mpaka mwisho, kisha tupa.

Ningeweza kunyamaza, nakuambia ukweli. Miezi mine nilinyamaza vizuri sana. Lakini kesho unaenda Kampala kwa fundi mukuu, Maître Zacharie, mwenzangu wa ujana; yeye alikuitia mashini yake ya kukata kulase, na wewe ulimujibu kwamba unaomba kazi ya dukani, kuuza vipuri. Nilikusikia ukimuambia kwenye simu: "Maître, mukono wangu si wa kulase. Nitakaa nyuma ya meza, nitaandika tu vile vinavyoingia na kutoka." Ulisema hivyo bila kulia, kwa sauti ya mutu aliyekwisha kukubali. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakunywa chai yangu. Angalia ubaya wa papa yako: nilisikia ukijizika ukiwa muzima, na ndani yangu kukatokea kitu kidogo kinachofurahi.

Wacha nianzie mbali kidogo, ili uone njia ilipopita.

Ulikuwa na miaka kumi na moja uliponiuliza kulase ni nini. Nikakuambia ni kichwa cha moteri, na supape ni milango yake: mingine inaingiza hewa, mingine inatoa moshi. Kila mulango una kiti chake cha chuma unapokalia. Usipokalia vizuri, pumzi inatoroka, na moteri isiyo na pumzi haipandi mulima. Nikakuonyesha kwa kidole. Ukasema, "Basi Papa, wewe uko seremala wa milango." Nilifurahi mwezi mzima. Kila mutu aliyeingia nilimueleza vile mutoto wangu alivyosema. Wakati ule ulikuwa unaniangalia miye, unaona? Ilikuwa raha sana kuangaliwa na wewe.

Kisha ukakua, ukaanza kuangalia mikono ya watu wengine. Kwenye simu yako kulikuwa na video za mutu mumoja, sijui wa nchi gani, anaongea lugha hatusikii hata neno, na uso wake hauonekani. Ni mikono tu na kulase. Ulikuwa unamuangalia ukila, unamuangalia ukisuka nywele. Siku moja ukaniambia, "Papa, sababu gani tunakata kiti mara moja tu? Tukate mara tatu. Digri trente juu, karante-senk katikati, swasante chini, yaani thelathini, arobaini na tano, sitini. Pete inayoguswa na supape ibaki nyembamba, na hewa ipite bila kujikwaa."

Nikakucheka. Nikakuuliza, "Hewa nayo ina miguu ya kujikwaa?"

Lakini moyo ulishtuka. Miye maisha yangu yote nimekata digri moja, karante-senk, kisha nikasugua supape kwenye kiti chake mpaka itokee pete ya kijivu, pana sawa kidole cha mutoto. Niliipenda ikiwa pana. Nilifikiri mulango mupana unafunga zaidi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba upana ule unaziba njia ya pumzi, na hapa Goma, na urefu wetu huu wa milimani, hewa yenyewe ni nyepesi, gari inahema kabla hata haijafika Sake. Wewe uliona kwa wiki mbili kitu ambacho nilikaa nacho miaka ishirini bila kukiona. Ningekuwa papa wa kweli ningekushika kichwa nikakubariki. Niliuma meno.

Kulase ya kwanza ya Papa Innocent niliiacha ukate wewe kwa sababu nilitaka ushindwe. Nilisema, "Haya, fanya na trente zako." Nilikuwa nimekwisha kutayarisha hata maneno ya kukufariji. Ulikata siku mbili na kile kisu chetu cha kuzungusha kwa mukono, ukipima, ukipaka wino wa buluu kuona supape inagusa wapi, ukikata tena upana wa unywele mumoja. Ngazi ile ndogo iliyo chini ya kiti, ambayo miye naiacha siku zote, uliilainisha mpaka kidole kikapita bila kuhisi kitu. Gari ikaenda.

Wiki ilipokwisha Papa Innocent akarudi, akasimamisha kamioneti yake hapa nje, hakuzima hata moteri. "Mulikuja kusikia?" anapiga kelele. "Pale juu ya Sake nilizoea kupanda na giya ya pili, moshi nyuma yangu sawa ninachoma matairi. Leo nimepanda na ya tatu! Na viazi vyote nyuma! Na mama mukwe wangu mbele!"

Miye nilisimama. Nilijua anakuja kwangu. Miaka yote ile nimekuwa Maître wake, hata kule kanisani ananiita Maître mbele ya padiri. Nilikwisha kunyoosha mukono. Akanipita. Akafika mbele yako, ulikuwa umechuchumaa unaosha pistoni, akasema, "Maître, uliifanya nini hii gari?"

Maître. Wewe, na kitambaa chako cha kichwa na soksi zako mbili zisizofanana.

Na wewe ukajibu, "Ni Papa aliyenifundisha." Ulifikiri unaniheshimu, nami najua ulisema kwa moyo mweupe. Lakini lilinichoma kuliko lile la kwanza, sababu sikukufundisha, na sisi wawili tulijua. Nilicheka, nikasema ndiyo, ndiyo, damu yangu hiyo. Kisha nikaenda nyuma ya atelye kukojoa, nikasimama pale wakati murefu bila kukojoa.

Tangu siku ile niliugua, Kavira. Sina neno lingine. Nilikuwa nahesabu mara ngapi mutu anakuita Maître na mara ngapi ananiita miye. Wateja walipokuulizia nilisema umeenda sokoni, na wewe uko ndani. Ule wino wa buluu uliotafuta siku tatu, ukafikia hata kumushtaki paka wa jirani, ulikuwa ndani ya koti langu. Ndiyo, mutu muzima, na mvi zake, ameficha wino. Usiku nikikosa usingizi mama yako ananiuliza, "Kasereka, ni tumbo?" Nasema tumbo.

Sasa nikueleze juu ya Zacharie, maana huko utasikia ya kwake, na ni vizuri usikie kwanza kwangu.

Tulikuwa vijana wawili kwenye garaji ya Muzee Albert, kule mutaa wa Mapendo. Zacharie alikuwa na sikio. Alisimama kando ya moteri, anakunja shingo, anasema, "Silinda ya tatu, mulango wa moshi," na tukifungua, ni pale pale. Miye nilikuwa na nguvu na bidii, na mudomo. Muzee alitupenda wote wawili, lakini kulase nyingi alimupa yeye.

Ule mwaka lava iliposhuka mpaka katikati ya muji, kila kitu kilikosekana, na ile pâte, dawa nzito ya kusugulia supape, ikakosekana pia. Nikapata akili. Nilichukua mawe ya lava, si yanajaa kila mahali? Nikayatwanga, nikachekecha unga kwa kipande cha soksi ndefu ya mwanamuke, nikauchanganya na mafuta ya moteri. Ukasugua! Ulikula chuma mbio kuliko pâte ya dukani. Nikajiona muvumbuzi wa dunia. Zacharie akauchukua kidogo, akausugua kati ya vidole viwili, akaniambia polepole, "Kaka, hii haichoki. Pâte inasugua, inavunjika, inakuwa laini, inakufa. Hii itaendelea kula hata ukisha kufunga." Nikamuambia ana wivu. Ndiyo, miye nilimuambia yeye.

Moteri ilirudi kisha wiki mbili. Unga ulikuwa umebaki ndani ya gide, yale matundu supape inapopandia na kushukia, ukayala mpaka yakawa sawa yai. Muzee Albert hakunigombeza. Alimwaga kopo langu kwenye mufereji, na tangu siku ile hakunipa tena kulase hata moja. Nami nikatwanga kopo lingine, nikalificha. Nimehama nalo nyumba tatu. Sikulitumia, nililiweka tu, sawa mutu anayetunza karatasi za kesi aliyoshindwa.

Kisha ikaja barua ya kazi kutoka Kampala, inaita watu wawili. Zacharie alikuja nyumbani kwetu anaruka ruka, "Tunaenda, kaka, tunaenda!" Nikasema sitaweza kumuacha mama yangu. Hadithi ile umeisikia toka utoto, ya papa aliyekataa Kampala kwa kumupenda mama yake, na bibi yako mwenyewe alikufa akiiamini. Si kweli. Sikutaka kuenda mahali nitakapokuwa wa pili nyuma ya Zacharie. Nilichagua kuwa wa kwanza hapa, kwenye chumba cha mabati, na hakuna wa pili. Na kila habari iliyofika kutoka kule, Zacharie amejenga, Zacharie amenunua mashini inayojitafutia katikati yenyewe, ilinikosesha usingizi.

Basi sasa unaelewa mutu aliyekuwa nyuma yako siku ile.

Papa Innocent aliponiletea kulase ya gari yake ya pili alisema, "Muzee, usinikasirikie, hii nataka mukono wa mutoto." Nilicheka na meno yote. Ulifanya kazi siku mbili. Siku ya posho, Jumamosi, mchana ulimaliza, ukageuza kulase, ukamwaga esansi, ile petroli ya gari, ndani ya matundu yote manane, ukaweka saa ya simu yako: nusu saa. Hata tone moja halikupita. Ukaikausha, ukaifunika na kitambaa safi sawa mutoto anayelala, ukaniambia unashuka ziwani Kituku kuchukua samaki za mama.

Nilibaki peke yangu. Nilijiambia nitaangalia tu. Nikatoa kitambaa, nikatoa supape moja moja, nikaangalia pete zako. Zilikuwa nyembamba, zinang'aa, sawasawa zote nane. Nilitafuta kosa. Nilichukua taa, nikavaa miwani, nikatafuta kosa kwa karibu nusu saa, na nakuapia, kama ningeliona hata moja dogo ningefunika na kuenda zangu. Halikuwepo.

Nikaanza kujihubiria. Pete ni nyembamba mno, hazitadumu kwenye barabara ya Masisi. Mutoto hajui barabara ile. Ni kazi ya papa kusaidia. Nikizisugua kidogo zitapanuka, zitakuwa na nguvu. Pâte yetu ilikuwa imekwisha tangu barabara zianze kufungwa na kufunguliwa, na hata wewe ulikuwa umesema kwamba kazi ikikatwa vizuri haihitaji kusuguliwa. Nilijua kopo langu liko wapi. Nililichukua bila kufikiri, mukono ulienda wenyewe.

Mulango wa kwanza niliusugua kwa hasira. Nilipoona pete ya kijivu inapanuka, yangu, ninayoijua, roho ikatulia. Kisha nikashtuka, maana sasa moja haikufanana na saba. Ningeweza kuacha pale, nikuambie, na wewe ungekata upya mulango mumoja. Nikasugua zote nane. Nikapangusa kwa kitambaa, haraka, bila kuosha gide, nikafunga supape na springi zake ili usione. Uliporudi na samaki nikakuambia, "Nimekusaidia kufunga, mwenye gari ana haraka."

Ukasema, "Aksanti, Papa." Ukanichagulia samaki mukubwa.

Siku kumi. Gari ilivutwa kwa kamba mpaka hapa, silinda mbili hazina pumzi, moshi wa buluu umechafua hata mulango wa nyuma. Ulifungua mwenyewe. Nilisimama nyuma yako nikiomba Mungu asikupe macho. Ulishika supape, ukaichezesha ndani ya gide, inayumba. Ukapitisha kidole, kikatoka na unga mweusi. Ukaangalia kile kiti, kipana, cha kijivu, kimechubuka. Ukageuka ukaniuliza kabisa, kwa sauti ndogo, "Papa, niliiacha hivi? Kuko mutu aliigusa?"

Nikasema, "Nani ataigusa? Hapa tuko wawili."

Hilo ndilo jibu nililokupa. Halikuwa hata uongo murefu. Na wewe uliniamini, Kavira, ukaacha kuamini macho yako. Niliona kabisa ile saa ulipofanya hivyo. Uliangalia tena kile kiti, ukakunja uso, ukaanza kutafuta ndani ya kichwa chako siku ile ulikata vipi. Papa Innocent akasema pengine ni vumbi la barabara, tukafungua chujio ya hewa, iko safi. Basi nikasema mbele yake, "Mutoto bado anajifunza. Hakuosha vizuri. Mikono ya haraka." Hapa kwetu vumbi jeusi liko mpaka ndani ya chumvi, nani angekataa? Hata wewe haukukataa. Ulisema, "Unisamehe, Papa Innocent," ukaenda kuosha mikono, na ulipita pale kwenye kile kisu cha kukatia bila kukiangalia. Toka siku ile haujakishika.

Nilingoja raha ije. Ilikuja kweli, siku mbili tatu. Wateja wakarudi kuniita Maître. Kisha nikaanza kukuona unaosha vyombo vya kazi, kila siku, vyote, hata visivyochafuka. Unaviosha mara tatu. Unavipanga juu ya gazeti, unavipulizia, unaviosha tena. Mama yako akasema, "Huyu mutoto ananawa nini?" Nikasema anajifunza usafi.

Sikuandikii ili unisamehe. Ukinisamehe haraka nitajua haukusoma. Nakuandikia sababu kuko kitu nilikijua kwa gharama yako, na nani mwingine atakuambia? Wivu haukuja kwangu na sura ya wivu. Ungekuja na sura yake ningeufukuza, miye si shetani. Ulikuja umevaa nguo za kazi. Ulisema: saidia, rekebisha, malizia, mutoto hajui barabara. Siku moja utakuwa na watu nyuma yako, wadogo kuliko wewe, na mumoja atakata kitu ambacho wewe haungeweza. Ukiona mukono wako unaenda kwenye kazi ya mutu mwingine iliyokwisha, jiulize nani amekuita. Na kama hakuna aliyekuita, weka mukono mufukoni, toka nje, nenda ununue muhogo.

Na lingine, hili ni la fundi kwa fundi. Ulipouliza kama kuko mutu aliigusa, ulikuwa umeona sawa. Kiti ulichokiacha chembamba hakipanuki chenyewe siku kumi. Chuma hakisemi uongo, papa anaweza. Kama jicho lako linaona kitu kimoja na mutu unayemupenda anasema kingine, mupende, lakini rudi ukaangalie chuma tena.

Juzi nilimupigia Zacharie. Mara ya kwanza toka aondoke, waza tu. Nilimuambia, "Usimuweke dukani. Muweke kwenye mashini. Ile kulase ni miye." Nikamueleza yote, na kopo. Nilipotamka lava nikasikia magari ya Kampala nyuma yake. Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Akauliza tu, "Yeye umemuambia?" Nikasema bado. "Basi miye sijasikia kitu," akasema. "Atakaa nyuma ya meza mpaka siku atasikia kutoka kwako." Akakata simu. Hata katika hilo amenishinda, unaona, hata katika kujua namna ya kuwa na mutoto wangu.

Leo kisha misa nimeenda kwa Papa Innocent. Nilimuambia nimesimama, mbele ya muke wake na jirani wawili, sababu ndivyo nilivyokusema wewe, mbele ya watu. Aliniangalia sana. Akasema, "Kasereka, uliniharibia gari nikanyamaza. Sasa umeniharibia fundi." Hakuniita Maître, na sikungoja aniite.

Kopo nililimwaga leo kwenye mufereji, kabla ya kukaa kuandika. Usifikiri nimepona. Sijapona hata kidogo. Hapa nilipokaa nawaza ile mashini ya Zacharie, taa nyeupe, kisu kinashuka chenyewe katikati pa gide bila mutu kushikilia pumzi, na ni wewe umesimama pale, si miye. Nawaza utamuita Maître asubuhi, mchana na jioni. Nawaza atakunja shingo asikilize moteri uliyoifanya, kisha agune vile alivyokuwa anaguna, na wewe utasikia raha ambayo haukupata kwangu. Inaniuma, Kavira. Inaniuma sasa hivi, kalamu ikiwa mukononi. Ningefuata maumivu haya nisingekuambia, ningekuacha uende ukauze vipuri.

Nitaweka karatasi hii ndani ya begi yako ya mukono, si ile kubwa, ili uipate kabla bus haijatoka. Ukitaka kunitukana kesho, nitakuwepo pale. Ukipanda bila kuniangalia, nitamueleza mama yako sababu, neno kwa neno, na yeye ataniweka mahali pangu vizuri.

Lakini nakuomba kitu kimoja, si cha papa, ni cha mutu mugonjwa. Siku utakapokata kulase yako ya kwanza kule, na ikipumua, usinipigie simu siku ile. Piga kwa mama. Uniache siku mbili nigune, nipige teke makopo, nijiambie ni mashini si wewe. Siku ya tatu nitakupigia mwenyewe, nikuulize ulikata digri ngapi chini ya kiti na sababu gani. Na wewe, kama utataka, utanifundisha.

Papa yako,
Kasereka